Jiwe Lililoshika Ulimi

Anselmi, Tadeo, na ninyi wengine mnaonisimamisha kila nikitoka misa kuniuliza mambo ya Walikale: nimechoka kusimulia nusu nusu barabarani, huku mnaanza kucheka kabla sijafika penye kuchekesha. Nimeamua kuandika yote. Someni, mpeane karatasi, kisha mniache nimalize ukuta wa shule kwa amani.

Mnajua nilivyoanza. Mke wangu Riziki alikwenda kwao Walikale kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama desturi yao inavyotaka. Akajifungua salama, mtoto wa kike, na siku ile nililipia nusu ya kijiji chetu cha Lushebere pombe ya ndizi. Kisha kimya. Mtoto akaanza kukaa, mama yake mzima, lakini hawarudi. Mwishowe dereva wa lori akaniletea maneno ya baba mkwe, akayatoa mbele ya watu, maana dereva yule hajui kunong'ona:

"Papa Musombwa anasema uende weye mwenyewe. Wanataka kujua iko unaficha nini chini ya kitanda. Kama iko dawa ya kuua watu, bibi na mutoto hawatarudia."

Kwa asiyewahi kuingia nyumbani kwangu, nieleze. Zamani, kabla sijawa mwashi, nilimpikia Mbelgiji mmoja aliyekuwa akichimbua vitu vya kale kwenye bonde karibu na Ziwa Edouard. Siku moja nilimwona akifunga kwa pamba kitu nilichodhani ni kipande cha muhogo kilichoungua. Nikamuuliza. Akaniambia ni mavi ya mamba, ya kabla ya watu kuwako, yaliyozama kwenye tope yakageuka jiwe. Nilicheka mpaka chakula kikaungua. Kesho yake nikaokota la kwangu, na tangu siku hiyo sijaacha. Kila nikipata nafasi hurudi kule bondeni, nikainama juani kama mwanamke anayepalilia. Ninayo ya mamba, ninayo ya fisi yenye vipande vya mfupa ndani, na mengine madogo kama maharage ambayo sijajua ni ya nani. Mnyama mzima ameoza, mifupa imepotea, hakuna anayemkumbuka, na chakula chake cha siku moja kimebaki. Jambo hilo linanifurahisha na siwezi kulieleza zaidi ya hapo.

Mawe hayo yalikaa ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Riziki alivumilia mpaka alipopata mimba. Akasema, "Mutoto wangu hatalala juu ya mavi." Nikamwambia ni mawe. Akasema, "Kwanza ilikuwa mavi."

Kule kwao hakuthubutu kutaja ni nini. Nani atawaambia wazazi wake kwamba ameolewa na mwokota mavi? Akasema tu kuna "vitu" ambavyo yeye havipendi, na wazazi wakajaza wenyewe yaliyobaki.

Lushebere mpaka Masisi, kwa miguu

Kabla ya kuondoka nilizika sanduku lote chini ya mti wa avoka. Nikabakiza jiwe moja, la mamba, kubwa kama kidole gumba, lenye gamba la samaki linaloonekana ubavuni. Nikalitia mfuko wa koti. Nilijiambia nitalitupa kwenye mto wa kwanza.

Mkononi nilibeba kibuyu cha mashanza, maziwa ya kuganda, zawadi ya wakwe. Kilikuwa kimefungwa kwa kizibo cha majani ya migomba, na kila hatua kilinung'unika kama tumbo lenye njaa. Nilitembea nikisikiliza kibuyu na kufikiri juu ya mama mkwe.

Hapa ndipo penye ubaya wote. Kwao, kama wazee wetu Wahunde walivyoshika, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mama hufunika kichwa na kuingia majanini, na mkwe hugeukia upande wa pili. Hawali pamoja. Jina lake halitajwi nyumbani kwangu. Mimi silijui hata leo. Nilipopeleka mahari, yeye alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Nilisikia anakohoa, basi. Na kubwa kuliko yote: neno la uchafu lisitoke kinywani mwa mkwe huku mama huyo anasikia. Likitoka, mkwe anarudishwa kwao, mbuzi wanachinjwa, wazee wanaitwa kusafisha, na mke hatolewi mpaka wazee waridhike. Kuna wazee hawakuridhika mpaka mke akaolewa na mwingine. Ubatizo haujagusa jambo hilo.

Sasa hebu nionyesheni njia. Wataniuliza: chini ya kitanda kuna nini? Naye atakuwa nyuma ya ukuta, anasikiliza, maana hayo ni ya binti yake. Nikisema ukweli, nimemtukana mama mkwe. Nikinyamaza, mimi ni mchawi. Nikidanganya, Riziki yupo pale na anajua. Niligeuza maneno hayo mbele na nyuma mpaka Masisi. Nilivuka mto wa kwanza bila kutupa jiwe. Wa pili pia.

Masisi mpaka Nyabiondo, juu ya lori

Lori lilikuwa limebeba mifuko ya maharage na viazi, na sisi abiria juu ya mifuko. Dereva alikuwa yule yule asiyejua kunong'ona. Nilimsihi asiseme safari yangu ni ya nini. Mnajua watu wa lori: ukiwaambia unakwenda kumchukua mke aliyekataa kurudi, kila mtu atakupa shauri, na walio na mashauri mabaya ndio wenye sauti kubwa. Nikasema ninakwenda Walikale kutafuta kazi ya kujenga. Kando yangu alikaa katekista mmoja mwenye kofia nyeupe ambayo aliifuta kila mara kwa kitambaa.

Barabara ilikuwa mbaya. Kila shimo lilirusha kibuyu, nami nilikikumbatia. Katekista aliniuliza kama ni dawa. Nikamjibu kwa ukali kuliko alivyostahili, naye akasogea.

Nyabiondo alipanda mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenye kikapu, kuku mmoja na kiko cha udongo. Alikuwa anatoka kumtazama mdogo wake mgonjwa. Nafasi ilibaki moja tu, mbele yangu, magoti kwa magoti. Akamweka kuku wake juu ya miguu yangu bila kuomba ruhusa.

"Mutoto yangu, umushikilie kidogo," akasema. "Haumaki."

Kuku akaniuma. Mama akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi cha moshi, akapigapiga kifua chake kwa ngumi. Aliuliza ninakwenda wapi. Nikasema kazi. Aliuliza kama niko na mke. Nikasema yuko, mbali. Sikumuuliza jina wala kwao. Mtu hamhoji mama wa umri ule. Alisema mwenyewe kwamba anarudi kwao, ng'ambo ya mto Lowa, na ng'ambo ya Lowa vijiji ni vingi.

Kwenye kizuizi cha mvua

Mvua ilitukuta tukiteremka kuelekea msitu. Mnajua sheria ya Wazungu: mvua ikinyesha, mti unashushwa barabarani na hakuna gari linalopita mpaka udongo ukauke, ili magurudumu yasiharibu barabara. Mlinzi wa mti ule alikuwa amelala kibandani. Dereva alimwamsha kwa matusi, kwa maombi, kisha kwa sigara. Mlinzi akachukua sigara, akatazama mawingu, akasema, "Barabara iko maji." Akarudi kulala.

Tukakaa chini ya paa la majani, sisi sote na kuku. Mimi nilikuwa nashukuru na nachukia kwa wakati mmoja: kila saa tuliyocheleweshwa iliniweka mbali na ile nyumba, na kila saa ilinizidishia hofu.

Ndipo kizibo cha kibuyu kikaruka. Kililia paa! na mashanza yakapanda juu kisha yakashuka kwenye kofia ya katekista. Akatoa kitambaa chake, maziwa yakimtiririka masikioni. Yule mama alicheka mpaka akalala chini. Nilipomtolea kidogo kilichobaki, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii ilikufa zamani," akasema. "Sisi watu wa pori hatunywaki kitu ya ng'ombe. Wewe kuja kula chakula ya watu."

Alifungua majani: lituma, donge la ndizi zilizopondwa, bado vuguvugu, na nyama ya kukausha kwa moshi. Tukala wawili kwenye jani moja, mkono wake na mkono wangu. Nilikuwa sijala vizuri tangu maneno ya dereva yafike, na nakiri nilikula kama mtu aliyefunguliwa gerezani. Nilipotoa kitambaa kufuta mikono, jiwe likaanguka, likabingirika mpaka kwenye mguu wake.

Akaliokota. "Hii njo nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda ni nyama ile. Labda ni kwa kuwa hakuwa mtu wangu, na tungeachana mtoni. Nilimweleza yote: bonde, Mbelgiji, mamba, tope. Nilingoja acheke, kama mnavyocheka ninyi. Hakucheka. Aligeuza jiwe kuelekea mwanga.

"Ilikula nini?"

Nikamwonyesha gamba. Akalikwaruza kwa ukucha.

"Samaki," akasema. "Muzee wangu anawindaka. Akiona mavi ku njia, anajua nyama ya pori ilipita saa ngapi na inaumwa ao haiumwe. Lakini hii ya kwako... ilipita mbele ya babu ya babu." Akaligeuza tena. "Na unajua namna gani kama haiko jiwe ya bure?"

Nikamwonyesha jinsi Mbelgiji alivyonifundisha: unaweka ncha ya ulimi. Jiwe la bure linateleza. Hili lina vitundu vidogo visivyoonekana, linanyonya mate na kushika. Nililamba, likashika, nikaliachia likining'inia. Katekista akageuza uso.

"Lete," mama akasema. Akatoa kiko mdomoni, akalamba. Macho yakamtoka. "Eee! Inashika! Inashika kabisa!" Akalamba tena upande wa pili ili ahakikishe. "Miaka yote nafagia mavi ya mbuzi, natupa, natupa. Kumbe moja ingeweza kupata bahati."

Aliuliza maswali mpaka mvua ikakatika. Ya tembo yakigeuka jiwe yangekuwa makubwa kiasi gani? Ya mtu yapo? Kwa nini mamba na siyo nyani? Nilijibu niliyoyajua, na pale nisipojua nikasema sijui, naye akasema tutafikiri. "Tutafikiri," kama watu wawili wenye kazi moja. Riziki ananipenda, ninyi ni rafiki zangu, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili juu ya mawe yangu. Kwa muda ule nilisahau ninakokwenda.

Kwenye kivuko cha Lowa

Mtoni nilikumbuka. Pale kwenye kivuko palikuwa na askari wa machimbo, wanatafuta watu wanaoiba mawe ya bati milimani. Wanafungua kila kifurushi. Mtu akikutwa na jiwe zito, anakwenda jela kwanza, na maswali yanafuata baadaye.

Ningeweza kulitupa majini. Mkono ulikuwa mfukoni, jiwe lilikuwa ndani ya kiganja, maji yalikuwa hapo miguuni. Nikaona gamba la samaki moyoni mwangu, na vidole havikufunguka. Askari akanishika kifundo cha mkono.

"Fungua."

Nikafungua. Alilipima kwa mkono, akaita wenzake.

"Unaona huyu? Na koti muzuri vile! Uliiba wapi madini?"

"Haiko madini," nikasema.

"Iko nini?"

Nikatazama watu kwanza. Palikuwa na wamama, palikuwa na katekista, palikuwa na mzee mmoja anayesali rozari. Askari alianza kufungua kamba ya kunifunga. Niliona mwisho wa safari: jela ya Walikale, wakwe wanasikia, Riziki anabaki, mtoto anakua akiambiwa baba yake alikamatwa akija na dawa.

"Wacha mutoto ya watu!" Alikuwa yule mama, kikapu kichwani, kuku kwapani. "Haiko madini ile. Iko mavi ya mamba ya zamani, ilikauka mupaka ikakuwa jiwe. Miye nililamba. Lamba na weye, utaona inashika!"

Kivuko chote kiliangua kicheko. Askari akalitazama jiwe, akaninyooshea kidole.

"Mavi?"

"Ni mavi," nikasema kwa sauti, na nilifurahi kulisema.

"Mwanaume muzima anatembea na mavi mu mufuko! Unaenda nayo kwa nani?"

Nilikuwa nimeokoka, nimelegea, sikufikiri. Ukweli ukatoka wenyewe. "Ninaenda kwa mukwe wangu, Papa Musombwa. Kuchukua bibi yangu Riziki na mutoto."

Kikapu kilianguka.

Nikageuka nimsaidie. Yule mama alikuwa amevuta kitambaa chake juu ya kichwa, akafunika uso wote. Alirudi kinyumenyume mpaka ukingoni mwa njia, akaingia kwenye majani marefu, akanigeuzia mgongo.

Ninyi mmelelewa kama mimi. Mnajua kuna mwanamke mmoja tu duniani anayenifanyia mimi hivyo.

Mimi nami niligeuka upande wa pili, haraka, uso kwenye mto. Masikio yaliwaka. Tulikula kwenye jani moja. Nilimtajia mavi mchana kutwa. Nilimpa mavi alambe! Askari wakadhani ni mchezo mwingine, wakazidi kucheka. Yule mwenye jiwe alilitupa nyuma ya bega lake, likaangukia nyasi za upande ule alikosimama mama mkwe. Sikwenda kulitafuta. Nilipothubutu kutazama tena, kikapu hakikuwepo, kuku hakuwepo, naye alikuwa amevuka kwa mtumbwi wa wavuvi.

Njia ya msituni

Kutoka mtoni mpaka kijijini ni njia ya miguu chini ya miti mikubwa, giza hata mchana. Sitasimulia sana, kwa sababu sikuona kitu. Nilikuwa nafikiri.

Lazima aseme. Mwanamke aliyekula na mkwe wake hawezi kukaa na jambo hilo tumboni. Wanaamini mikono itatetemeka, macho yataingia ukungu, na wajukuu wataugua. Atasema ili asafishwe. Akisema, mimi nimekwisha. Na aibu itamwangukia yeye pia, mama wa watu, aliyesimama mbele ya askari kwa ajili yangu. Hilo liliniuma kuliko mengine. Mara mbili niligeuka nirudi. Kilichonirudisha mbele ni kitu kidogo: nilikuwa sijajua bado mtoto anaitwa nani. Dereva alisahau kuniambia, nami niliona haya kumuuliza.

Nilifika nguo zimelowa jasho, kibuyu kitupu mkononi.

Nyumbani kwa wakwe

Papa Musombwa alinipokea vizuri mno, nikazidi kuogopa. Alinipa kiti. Aliuliza habari za Masisi, za ng'ombe, za mvua. Riziki alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha ndani na mtoto mgongoni; haruhusiwi kunisogelea mpaka neno liishe. Alinitazama na kuinamisha macho. Niliona kisigino kimoja kidogo cha mtoto kikitokeza kwenye kitenge, kikicheza. Hicho tu.

Nyuma ya ukuta wa matete palitoka harufu ya kiko. Kisha kikohozi.

"Mukwe," Papa Musombwa akasema, "sisi hatuko watu wa kelele. Mutoto yetu alitoka kwako na woga. Tunauliza neno moja tu. Chini ya kitanda yako muko nini?"

Nilikiweka kibuyu chini.

"Ni mawe, Papa."

"Mawe ya nini? Mutu hafichake mawe ya bure."

"Ni mawe ya... ni vitu vya zamani."

"Vya nani?"

Riziki alitazama chini. Kisigino kilikuwa kimetulia. Niliona uso wa mzee ukibadilika taratibu, upole ukiondoka, na hofu ikiingia. Ndiyo, hofu, alikuwa ananiogopa mimi, mtu ambaye hata kuku aliniuma. Nilikuwa na neno moja la kuniokoa na lilikuwa neno lile lile la kunipoteza. Nikaona afadhali niondoke mwenyewe kabla sijafukuzwa. Nikashika kibuyu.

Ukuta ukasema.

"Papa Sumaili."

Mzee, ambaye mkewe humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akageuza kichwa. Ilikuwa sauti ileile iliyouliza kwa nini mamba na siyo nyani, lakini sasa ndogo, ya adabu, na haikuelekezwa kwangu.

"Umuambie mugeni wako asisumbuke kueleza. Ile vitu miye naijua. Haiko dawa. Ni mawe yenye ilitoka ku nyama ya zamani. Ule mwanaume anaipendaka tu, sawa weye unavyopenda meno ya nguruwe yenye ulitundika ku mulango."

"Umeijua namna gani?"

Nilisikia kiko kikipigwa kwenye gogo, tok, tok.

"Mu kamio ile ya maharage watu wanasemaka mingi," ukuta ukasema. "Umuambie achukue bibi yake. Mwanaume mwenye anaweza kuinama mwaka muzima juu ya kitu yenye watu wanatupa, ataweza kuinamia na mutoto."

Papa Musombwa alinitazama, akatazama ukuta, akatazama meno ya nguruwe pale mlangoni. Nadhani aliona kuna jambo lililopita bila yeye na hataambiwa. Akacheka kidogo, puani.

"Basi iko mawe tu?"

"Mawe tu, Papa."

Riziki alifungua kitenge, akaja, akaniwekea mtoto mapajani. Anaitwa Neema. Alinishika kidole gumba, nami nikalia mbele ya baba mkwe, jambo ambalo nalo si la adabu, lakini hakuna aliyedai mbuzi.

Kurudi

Hatukuagana na mama mkwe. Tulipoondoka alikuwa shambani, kama inavyopaswa. Kivukoni, tukingoja, Riziki alitafuta nguo kavu za mtoto kwenye kifurushi na akakuta fundo dogo la kitambaa. Akalifungua. Jiwe la mamba, gamba ubavuni.

"Nani alitia hii humu?" akasema kwa hasira. Kisha akatazama kitambaa. "Hii ni ya mama."

Nikamsimulia yote, kwa sauti ya chini, mgongo kwa askari. Alikikunja kitambaa kile, akakikunjua. Mwishowe akauliza:

"Alilamba?"

"Alilamba. Pande zote mbili."

Alicheka mpaka Neema akaamka na mtu wa mtumbwi akatuambia tukae. Tangu siku hiyo sanduku limerudi, si chini ya kitanda, ila jikoni juu ya rafu, na hiyo ndiyo amani yetu. Na ninyi, karatasi hii isivuke Lowa. Mama hakusafishwa, amejibebea jambo lile peke yake kwa ajili yetu. Kila nikisikia habari za huko, nauliza kwanza kama mikono yake ni mizima.

Kilichonitia kalamu mkononi ni jambo la jana. Dereva alituletea kifurushi kutoka kwa mama wa Riziki: uyoga mkavu, nyama ya moshi, na ndani kabisa, ndani ya jani lililofungwa mara nyingi, jiwe. La kijivu, refu kidogo, limechongoka upande mmoja. Dereva akasema kwa ile sauti yake ya kuamsha kijiji kwamba mama aliliokota mtoni, na kwamba hatumi salamu kwa mtu yeyote, anangoja jibu tu.

Nikaligeuza kwenye mwanga. Nikalilamba mbele ya Riziki na dereva. Likateleza. Nikalilamba upande wa pili. Likateleza. Ni jiwe la mto, Anselmi, jiwe la bure kama yaliyojaa Lowa nzima. Nilisimama nalo, nikiwaza jinsi alivyoinama majini na umri wake ule, akiokota, akionja, akitupa, mpaka hili.

"Niseme nini?" dereva akauliza, mguu mmoja tayari kwenye lori.

"Umuambie Mama," nikasema, "inashika."

Nimeliweka kwenye rafu, karibu na lile la mamba.